Roketi ya maji iliyoanguka: tuikarabati au tuiunde upya, na taa gani ziifae usiku?

Roketi yetu ya maji, yaani chupa ya soda inayotiwa maji na kujazwa upepo kwa pampu hadi maji yatoke kwa kasi na kuisukuma juu, ilichimba kichwa jioni moja ya Agosti, kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, njia ya kwenda Hombolo. Ilipanda vizuri, ikageuka kileleni, parashuti ikagoma kutoka, na yenyewe ikarudi na pua mbele hadi chini. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Pua ilibonyea, pezi moja likabanduka, lakini chupa ilionekana nzima. Wanafunzi wakaanza kushangilia kwamba imepona.

Niliiokota nikaigeuza kwenye mwanga wa jua linalozama. Begani mwa chupa, pale shingo inapoanza kupanuka, kulikuwa na mstari mweupe usiozidi urefu wa kucha ya kidole gumba. Ukiupitisha kidole huusikii. Ukiukunja kidogo, weupe unaongezeka.

Wiki hiyo tulikuwa tumeshapanga kurusha usiku kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo maswali mawili yakaja kwa pamoja: tukarabati au tuunde upya, na taa zipi ziwekwe wapi. Nimejaribu njia karibu zote nitakazozieleza hapa. Naandika kwa ajili ya mwalimu, mzazi au kijana mwenye chupa za soda, pampu ya baiskeli na hamu ya kuona kitu kinachong'aa kikipanda angani.

Chupa: kuiziba au kuibadilisha

Hoja ya kuikarabati ina nguvu. Mapezi yameshanyooshwa, uzito unajulikana, na roketi imeshathibitisha kwamba inaruka wima. Ukianza upya unarudi kwenye kupima na kukata. Kwa hiyo wengi huchukua selotepu pana au gundi, wakapaka juu ya mstari mweupe, wakaendelea.

Nilimpelekea fundi baiskeli ambaye ndiye hutuazima pampu yake yenye geji. Aliishika, akaukunja ule mstari mara moja, akanirudishia.

"Mwalimu, hii usiitie upepo tena. Ni kama tairi lililokatika nyuzi. Pancha utaziba, lakini litavimba palepale."

Alisema kweli, na sababu yake iko kwenye namna chupa inavyotengenezwa. Plastiki ya chupa ya soda, PET, huvutwa na kupulizwa kiwandani, na kule kuvutwa ndiko kunakoipa nguvu ya kubana gesi ya soda ingawa ukuta wake ni mwembamba. Ilipokunjwa na kuwa nyeupe, mpangilio ule umeharibika. Selotepu inaziba tundu, haiwezi kubeba presha. Gundi ya moto ndiyo mbaya zaidi, maana PET huanza kulainika kwenye nyuzijoto 70 hivi, na gundi ile hutoka kwenye bunduki yake ikiwa imepita 100. Unadhani umeponya jeraha, kumbe umefungua lingine pembeni.

Mchana ungeweza kusema utaiangalia kwa makini. Usiku huoni kama mstari umekua wala huoni povu dogo la uvujaji. Kwa hiyo hukumu yangu haina kona: chupa yenye mkunjo mweupe haitiwi presha tena, hata kama roketi nzima imejengwa juu yake.

Ukarabati unashinda katika hali moja tu, pale pua na mapezi yalipoharibika lakini chupa haina alama yoyote. Hata hapo ipimwe kwanza. Ijaze maji hadi mdomoni kabisa, ifunge kwenye kirushio, kaa mbali, kisha itie presha nusu mara zaidi ya ile utakayorushia. Sisi tunarusha kwa PSI 60 (PSI ni kipimo cha presha), kwa hiyo tunapima kwa 90. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo hayahifadhi nguvu nyingi. Chupa ikishindwa inachanika na kumwaga tu. Ukifanya jaribio hilohilo chupa ikiwa na hewa tupu, umetengeneza bomu dogo.

Ukibadilisha, chukua chupa ya soda, si ya maji ya kunywa. Chupa ya maji ni laini, imetengenezwa kubeba maji yaliyotulia. Ya soda utaitambua kwa kitako chake chenye vijiguu vitano. Tuliyoitumia ni ya lita 1.25, yenye kipenyo cha karibu sentimita 9.

Kazi ya kupanga mapezi haikupotea, kwa sababu hayakuwa yamegundishwa kwenye chupa yenyewe. Tulikuwa tumekata pipa la chupa nyingine, tukalivisha kama kikoti, na mapezi yakabandikwa kwenye hicho kikoti. Baada ya ajali tulikivua tukakivisha chupa mpya kwa dakika tano. Pezi lililobanduka tulilikata upya kutoka kwenye plastiki yenye mifereji ya bango la zamani. Tuliwahi kutumia maboksi, lakini boksi hulegea likilowa mara mbili tatu, na roketi hii hulowa kila inaporuka.

Na ile chupa ya mstari mweupe? Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tuliikata nusu ya juu, bega na shingo, tukaisugua ndani kwa msasa laini hadi ikawa na ukungu, tukaifanya pua mpya. Pua haibebi presha. Kazi yake ni kupasua hewa na kutunza parashuti, na sasa ikawa pia globu ya taa. Plastiki iliyosuguliwa inasambaza mwanga pande zote badala ya kuonyesha nukta moja kali, na mstari mweupe ule uliotutisha umekuwa sehemu inayong'aa kuliko zote.

Kwa nini si injini za baruti

Kuna atakayeuliza, maana roketi za mfano zinazojulikana zaidi duniani, za kampuni kama Estes ya Marekani, huruka kwa injini ndogo za baruti. Ni nzuri kwa usiku, mkia wake wa moto peke yake ni maonyesho. Lakini kwetu baruti ni kilipuzi, haiagizwi wala kusafirishwa kiholela bila kibali. Na hata ungekuwa na vibali vyote, nyasi za Dodoma kuanzia Juni hadi mvua za Desemba ni kuni zinazosubiri cheche. Roketi ya maji ikianguka popote inaacha tope tu. Kwa kurusha na watoto, sioni ushindani.

Taa: puani au mkiani

Macho yanataka taa mkiani. Ukiweka taa chini, maji yanayotoka kwa kasi yanamulikwa na roketi inaonekana inapanda juu ya mkia wa fedha. Tulijaribu mara moja na ni kweli, ni uzuri wa ajabu kwa muda usiofika sekunde.

Tatizo ni mizani. Roketi huruka wima kwa sababu kitovu chake cha uzito kiko mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, na kanuni ya kazi ni kwamba umbali kati yake usipungue kipenyo kimoja cha roketi. Kwa chupa yetu hiyo ni sentimita 9. Kila gramu unayoweka mkiani inavuta kitovu cha uzito nyuma, kila gramu unayoweka puani inakisogeza mbele. Betri ya puani inakusaidia mara mbili. Juu ya hayo, mkiani kuna maji, na waya na maji havipendani.

Kupima si kazi. Chora umbo la roketi kwenye kadibodi, ulikate, ulisawazishe juu ya rula: pale linapotulia ndipo kilipo kitovu cha msukumo wa hewa, kwa makadirio yenye tahadhari. Kisha sawazisha roketi yenyewe juu ya kidole, ikiwa na taa, betri na parashuti ila bila maji. Linganisha alama mbili. Ukitaka uhakika zaidi, ifunge kamba kwenye kitovu cha uzito uizungushe juu ya kichwa uwanjani. Iliyo sawa itatanguliza pua yenyewe. Isiyo sawa itapepesuka kama mlevi, na afadhali uione ikiwa kwenye kamba.

Taa iwe puani. Mkia wa fedha aufanye mtu mwingine kwa tochi yenye nguvu akiwa pembeni ya kirushio, akimulika juu. Karibu uzuri uleule, bila gramu hata moja kwenye roketi.

Aina tatu za taa tulizorusha

Kwanza, bangili za mwanga, zile unazikunja zinawaka bila betri. Faida yake ni usahili: hakuna waya, hakuna swichi, maji hayazidhuru, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzifunga mwenyewe. Kasoro zake zimekuja polepole. Ukishaikunja huwezi kuizima, kwa hiyo mkichelewa kwenye kirushio, na mtachelewa, mwanga unapungua mkiwa mmesimama. Ikiwa mita 40 juu inaonekana kama mdudu. Ikianguka kwenye majani ya mtama huioni hadi uikanyage.

Pili, mkanda wa LED, aina inayotumika kupamba maduka na saluni. Huu unawaka kwa kelele, unaonekana kutoka kijiji cha pili. Lakini wengi wake unataka volti 12, na hata ule wa volti 5 unahitaji betri 3 au 4 za AAA. Kila moja ina gramu 11 au 12. Ongeza kisanduku, ongeza waya, umefika gramu 50 kwenye roketi ambayo bila taa ilikuwa na gramu 140. Nao ni mpana, ukiuzungusha kwenye chupa unazuia hewa isipite laini.

Tatu, taa za mapambo za waya mwembamba wa shaba, zile za keki na harusi, zinazotumia betri mbili bapa za CR2032. Betri hizo zina gramu 3 kila moja. Waya unaweza kuukunja puani kama kiota. Mwanga wake si mkali kama wa mkanda, ila ndani ya pua iliyosuguliwa kwa msasa unatosha kufuatwa na macho tangu kurushwa hadi kutua, na unadumu saa kadhaa. Ina swichi yake tayari.

Tumezichagua hizo za tatu, na kama una jioni moja tu ya kuamua, chukua hizo.

Sasa nieleze kilichotuangusha na ule mkanda wa LED, maana kilinichukua majaribio mawili kukielewa. Kwenye kirushio ulikuwa unawaka vizuri. Tukavuta kamba, roketi ikaondoka, na giza. Tukaipata chini taa ikiwa inawaka kama vile haijawahi kuzimika. Mara ya pili vilevile.

Kosa lilikuwa kwenye springi za kisanduku cha betri. Mdomo wa chupa una upana wa milimita 22 hivi, na kwa PSI 60 maji yanapotoka yanaisukuma roketi yenye maji yake kwa mchapuko wa mara 40 hadi 50 wa mvutano wa dunia. Muda huo mfupi betri ya AAA inalemea kama kitu cha nusu kilo. Springi yake ilikuwa upande wa chini, betri ikaibana, upande wa juu ukaachana na chuma, umeme ukakatika. Baadaye ikarudi mahali pake kwa utulivu kabisa.

Dawa yake ni kulaza betri. Kisanduku kikae kwa upana wa roketi, si kwa urefu, ili msukumo usiwe kwenye mstari wa springi. Sisi tulienda mbali zaidi: hata zile CR2032 tumezibana kwa kipande cha sponji na selotepu, halafu tunashika pua tukaigonga kwa nguvu kwenye kiganja mara kumi. Taa ikipepesa hata mara moja, hairuki.

Kupepesa kwa makusudi ni habari nyingine. Taa nyingi za mapambo zina hali ya kuwaka na kuzima. Usiitumie wakati wa kupanda, kwa sababu jicho linaipoteza roketi kati ya mwako mmoja na mwingine, na anayepiga picha ya muda mrefu anapata vipande vipande badala ya mstari mmoja mzuri.

Halafu kuna kitu ambacho si taa lakini nisingerusha usiku bila hicho: vipande vya reflekta, kama vya vizibao vya bodaboda. Bandika vitatu kwenye kikoti, kimoja kila upande. Betri ikichomoka, ukimulika shamba kwa tochi ukiwa umeishika karibu na macho yako, kipande kinakurudishia mwanga kutoka mbali. Uzito wake huupati hata kwenye mzani wa jikoni.

Parashuti kubwa, ndogo, au utepe

Hapa watu wa usiku hukosea kwa huruma. Roketi imeumia, kwa hiyo wanataka itue taratibu, wanaifunga parashuti kubwa. Piga hesabu. Roketi yetu mpya ina gramu 200. Kwa parashuti ya sentimita 60, kwenye hewa ya Dodoma iliyo mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, inashuka mita 4 kwa sekunde. Ikitoka mita 50 juu inachukua sekunde 12. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao kwa Dodoma ni utulivu, unaipeleka mita 36. Upepo ukiwa mara mbili, mita 72, na huko kuna migunga. Mchana utaiona ilipotundikwa. Usiku utaona taa juu ya mti wenye miiba na hutaweza kuupanda.

Utepe unashusha haraka na karibu, lakini unafaa roketi nyepesi. Kwa gramu 200 juu ya ardhi yetu, utarudi kwenye mstari mweupe.

Tumekata parashuti ya sentimita 45 kutoka kwenye mfuko wa taka. Inashuka kama mita 5 na nusu kwa sekunde, sekunde 9 angani, mita 27 za kupeperushwa kwa upepo uleule wa kwanza. Kutua kwake kuna kishindo kidogo ambacho kikoti cha mapezi kinakivumilia. Na kwa kuwa parashuti iliyogoma ndiyo iliyotuletea kazi hii yote, sasa pua haibanwi hata kidogo: inakaa kwa uzito wake, roketi ikigeuka kileleni inadondoka yenyewe na kuvuta parashuti. Poda ya mtoto kidogo kwenye mikunjo inazuia plastiki isishikane. Waya wa taa usipite karibu na kamba za parashuti.

Kizibo au kamba

Kirushio cha kizibo cha mpira chenye vali ya tyubu ni rahisi kutengeneza, ila roketi huondoka inapojisikia. Kuna siku inaruka kwa PSI 35, kuna siku 50. Mchana mnacheka. Gizani mtu anaweza kuwa ameinama juu yake. Kwa usiku nitakubali kirushio cha kamba peke yake, kile chenye vibanio vya plastiki vinavyoshika shingo ya chupa hadi uvute kamba ukiwa mita 10 nyuma. Aliye karibu na pampu avae miwani ya kukinga macho.

Mwezi mpevu au giza

Usiku wa giza totoro roketi inapendeza mno, lakini kila kitu kingine kinakuwa kigumu: kukunja parashuti, kusoma geji, kuhesabu watoto. Mwezi mpevu unakuonyesha shamba lote na unaififisha taa. Sisi tunachagua siku za mwezi mchanga, tangu siku tatu nne baada ya kuandama hadi unapofika nusu. Saa 2 usiku unakuwa bado juu, mwanga wake unatosha kutembea bila kujikwaa, na anga la mashariki linabaki jeusi kwa ajili ya roketi. Kwenye kirushio tumieni tochi zilizofunikwa kwa plastiki nyekundu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi moja nyeupe inayafuta yote.

Upepo wa mji wetu huu unavuma hasa mchana, nao hupungua jua likishazama, kwa hiyo usiku una faida yake hapo. Ukiona vumbi bado linatembea, ahirisha.

Kabla ya yote hayo, watu waambiwe. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini na ule wa Msalato uko kaskazini, barabara ya Kondoa, kwa hiyo kaa mbali na njia za ndege za pande zote mbili na uulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuhusu eneo ulilochagua. Muombe mwenye shamba. Na nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mchana, ukiwa na roketi mkononi, umwashie taa aione. Mzee wetu aliishika, akaiwasha na kuizima mara tatu, akauliza kama wajukuu wake wanaruhusiwa kuja. Walikuja sita. Mdogo wao ndiye aliyevuta kamba.